Chukua Kubwa, Atakua Nayo

Aliyekulia kwenye nyumba yenye watoto wengi anaijua hii sentensi: "Chukua kubwa, atakua nayo." Imetuvalisha masweta ya shule yanayofika magotini, na viatu vilivyojazwa magazeti kwenye vidole. Sina ugomvi nayo. Sweta likimzidi mtoto, atachekwa wiki 2 kisha atazoea.

Raketi ya tenisi ni habari nyingine. Ya mtu mzima ina urefu wa inchi 27. Za watoto huanzia kama inchi 19 hadi 26, na mtoto wa miaka 7 mara nyingi hufaa ya 23. Kuipima hakuhitaji mtaalamu: mtoto asimame wima, ashike mpini, mkono uning'inie, na ncha ya raketi iguse ardhi bila yeye kukunja kiwiko wala kuinua bega. Ukimpa ya 27 atauchelewa mpira, kifundo cha mkono kitapinda kwa uzito, na mwisho kiwiko kitauma. Tena atajifunza kupiga vibaya, na mwili hausahau kirahisi ulichojifunza mapema. Hapo hakui nayo, anakua akipigana nayo.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliuona ukweli huu. Tangu 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 kwenda chini hayatumii mpira wa kawaida wa njano, bali mipira yenye kasi ndogo: myekundu, wa machungwa, wa kijani. Kwa wadogo zaidi, hata uwanja unafupishwa. Yaani mchezo mzima umeinama ili umfikie mtoto. Mimi hilo linanigusa, maana huku kwetu ni mtoto anayetakiwa kujinyoosha.

Rousseau aliliuliza swali hili katika *Émile*, mwaka 1762: ni halali kweli kuitoa kafara leo ya mtoto kwa ajili ya kesho isiyo na uhakika? (Ndiyo, huyohuyo Rousseau aliyepeleka watoto wake 5 kwenye nyumba ya watoto waliotelekezwa. Swali linabaki zuri hata kama muulizaji ana kesi ya kujibu.)

Nilimweleza dada yangu haya yote, kwa sababu binti yake ana miaka 7 na anataka tenisi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, huyo Rousseau atanunua nyingine mwakani?"

Jibu lake si la kudharau. "Atakua nayo" ni falsafa ya mtu anayejua kwamba hela ya leo huenda isiwepo mwakani. Anayenunua kubwa anamwekea mtoto akiba ndani ya kitu chenyewe. Ukimwita mkatili, hujawahi kuhesabu chenji mbele ya muuza duka huku mtoto anakutazama.

Lakini kuna kitu kingine ndani ya raketi kubwa, nacho ndicho kinanitia wasiwasi. Nimeripoti mashindano ya watoto mara kadhaa, na huwa nawatazama wazazi kuliko mpira. Yupo anayemnunulia mwanawe raketi ya bei mbaya, saizi sahihi kabisa, rangi ileile ya bingwa wa kwenye TV, na bado imemzidi mtoto, kwa sababu imebeba ndoto ya baba. Andre Agassi, katika *Open* ya 2009, anajikumbuka akiwa na miaka 7 uani kwao Las Vegas, mbele ya mashine ya kurusha mipira ambayo baba yake aliiongezea nguvu. Mtoto aliiita joka. Alikuja kutwaa mataji 8 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja, na anaandika kwamba aliuchukia mchezo huo.

Kwa hiyo nilikwenda kutafuta mtumba. Ya inchi 23, ya aluminiamu, fremu imechubuka lakini haina ufa, mpini tukauzungushia utepe mpya. Dada alikubali kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya Rousseau.

Mpwa wangu aliishika, akapunga hewa mara 2, akaniuliza, "Mjomba, nikichoka naweza kuacha?"

Mama yake akanitazama. Nikamwambia anaweza.

"Basi nichukulie na mpira. Ule mwekundu."