Maendeleo Si Mvua

Huku kwetu Jomvu Kuu kuna neno moja linalofunga kila mjadala: maendeleo. Ukiuliza kwa nini vibanda vimevunjwa, utaambiwa maendeleo. Ukiuliza kwa nini fundi wa pancha anashinda amekaa, ni maendeleo pia. Watu hulitamka kama wanaosema mvua imenyesha: imekuja, haina wa kuulizwa, tafuta mwavuli. Mimi nalikataa kwa maana hiyo, na mfano wangu ni reli ya SGR.

Kwanza tuseme haki. Hakuna mji ulioandikiwa njia milele. Jomvu yenyewe ni mtoto wa njia. Mkono wa bahari wa Tudor unaingia ndani mpaka huku, na zamani chombo kikifika mwisho wa maji, safari iliendelea kwa miguu kuelekea Rabai. Wajomvu na Warabai walijuana kwa biashara hiyo vizazi na vizazi. Kisha Waingereza wakaanza kujenga reli Mombasa mwaka 1896, wakafika Ziwa Viktoria 1901, na mizigo ikahama. Baadaye ikaja lami, na malori juu yake. Kila njia ilimlisha mmoja na kumwacha mwingine. Kwa hivyo sisemi kwamba tulikuwa na haki ya malori. Tena tulikuwa tukiyatukana: foleni toka Changamwe hadi Miritini, vumbi kwenye nguo zilizoanikwa, watoto kuvushwa barabara kwa kushikwa mkono.

Lakini malori yale yalikuwa na watu ndani, na watu wanakula. Dereva alikunywa chai, utingo akanunua mahamri na mbaazi, tairi likipasuka kuna aliyeliziba. Hela ilishuka barabarani ikaingia mtaani, ikawa karo, ikawa kodi ya nyumba. Kontena likipandishwa treni bandarini na kushushwa Nairobi, hakuna anayesimama njiani kunywa chai.

Treni ya abiria ilianza katikati ya 2017, ya mizigo mapema 2018. Kama wenye mizigo wangeichagua kwa kuwa ni nafuu au haraka, ningenyamaza. Ingekuwa ile ile hadithi ya chombo na reli ya Mwingereza. Lakini Agosti 2019 mamlaka za ushuru na bandari zilitoa tangazo: mizigo yote inayoingia nchini kwenda Nairobi na bara ipande SGR, na shughuli za ushuru zikamalizwe huko Nairobi. Hapo hata mtoto atauliza: kama treni ni bora, mbona watu walazimishwe kuipanda?

Jibu liko kwenye karatasi. Reli ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na mwaka 2014 bandari ilifungwa na mkataba wa kuihakikishia reli kiasi fulani cha mizigo. Mizigo ikipungua, pengo lazima lilipwe. Yaani mama wa mahamri alikuwa mdhamini wa mkopo ambao hakuwahi kuutia sahihi, wala kuuona.

Kuna hoja nzito ya upande wa pili: nchi nzima ikifaidi, si vibaya wachache waumie. Naikubali nusu, kwa sababu hakuna reli wala barabara inayojengwa bila kumgusa mtu. Lakini hoja hiyo haisimami bila masharti mawili. Anayeumia aulizwe kabla, na anayefaidi amfidie. Mwenye shamba lililopitiwa na reli alikuwa na hati, akaweza kudai fidia. Aliyepoteza wateja ana hati gani? Hasara yake haina fomu ya kujazwa, basi ikahesabiwa kama haipo.

Mwaka huo watu waliandamana Mombasa, Jumatatu baada ya Jumatatu. Oktoba serikali ikalisitisha agizo. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo lile lilikiuka Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Halafu Septemba 2022, siku ile ile aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa. Huku watu wakashangilia.

Furaha hiyo naielewa, ila imenifundisha kitu kingine. Kama neno la mtu mmoja linaweza kurudisha kazi kwa siku moja, basi kuondoka kwake hakukuwa mvua. Kulikuwa na mwenyewe, ana jina na ofisi. Na kilichorudi kwa amri kinaweza kuondoka tena kwa amri, kwa sababu hata safari hii hatukuulizwa. Tulipewa tu.

Mashine haina nia. Treni haikumchukia mtu wa Jomvu, wala lori halikumpenda. Kati ya mashine na sufuria ya mtu kuna mkataba, na mkataba una sahihi za watu. Siku tutakapoletewa mradi mwingine, tusianze kwa kuuliza kama ni maendeleo au la. Tuulize nani ametia sahihi, ameahidi nini kwa niaba yetu, na deni hilo litalipwa na nani, kwa miaka mingapi.