Anayekupa siri ya bei anapata nini?



Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tuna wazee Masasi na Newala, na wazee hao wana mikorosho. Msimu unapokaribia, simu zetu hujaa ujumbe: "Mwaka huu bei itaanguka, waambieni wauze mapema." Hatumjui aliyeuandika, lakini tunautuma nyumbani. Mzee anamwamini mwanawe. Anauza kwa kangomba kabla ya mnada, na ada ya wajukuu inakwenda na gunia.

Je, hofu hiyo haina msingi? Inao. Bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo msimu wa 2017/18, ilishuka mnadani chini ya 3,000 Oktoba 2018. Lakini Novemba 12, 2018 Serikali ikatangaza kununua kwa 3,300, ingawa wapo waliosubiri sana malipo. Nani aliyajua hayo miezi mitatu kabla? Surat Luqman aya ya 34 yatufundisha kuwa chumo la kesho la mja liko katika elimu ya Allah (SW) peke yake.

Mtume (SAW) alikataza wafanyabiashara kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, mwenye mali akiwa hajaijua bei. Kangomba ni nini kama si hiyo? Alikataza pia najshi, yaani kuipandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwingine anase.

Tusidhani huu ni ujanja wa vijijini. Huko Marekani, mwaka 2000 soko la hisa za teknolojia lilipoanza kuporomoka, kijana wa miaka 15 alibainika kuwa alinunua hisa za bei ndogo, akazisifu kwenye intaneti kwa majina ya bandia, kisha akaziuza zilipopanda. Septemba mwaka huo alikubali kurejesha dola 285,000. Waliomwamini hawakujiuliza: huyu anapata nini?

Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Basi kabla hujatuma ujumbe wa bei, jiulize nani kauandika na atafaidikaje. Mwambie mzee aulize kwenye chama chake cha msingi. Usipojua, nyamaza. Mwongo ni mwongo, lakini aliyempelekea mzee uongo huo ni wewe.

Wabillahi Tawfiq.