Mwenye Kudai na Alete Ushahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu. Imepokewa na Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi ya Muslim ya kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye fungu la nafaka lililokuwa likiuzwa, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umaji. Alipomuuliza mwenyewe, akajibiwa kuwa ni mvua iliyoinyea. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu ile iliyorowa, watu wapate kuiona; kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Zingatieni jambo hili. Mtu yule hakusema uwongo kwa ulimi wake. Alinyamaza tu, na uso wa fungu ukasema kwa niaba yake. Ikiwa kunyamaza huko ni ghushi, itakuwaje hukumu ya mwenye kusema na kuandika asilolijua?

Ingieni katika maduka ya vipodozi ya miji yetu mtazame maandishi ya vichupa. Hiki chaondoa makunyanzi, hiki chang'arisha ngozi kwa siku saba, na hiki kimethibitishwa na madaktari. Ni madaktari gani? Walikijaribu kwa watu wangapi, na kwa muda gani? Hapo kichupa hunyamaza.

Wala msidhani kuwa maradhi haya ni ya wachuuzi wadogo peke yao. Mwaka 2014, huko Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara iliishitaki kampuni kubwa ya L'Oréal kwa kudai kuwa mafuta yake ya Génifique, ambayo bei yake iliweza kufika dola 132, huamsha jeni na kuirudishia ngozi ujana. Tume ilisema madai hayo ni ya uwongo au hayana ushahidi. Shauri likaisha kwa maafikiano, kwamba kampuni isidai tena mambo ya jeni pasipo ushahidi wa elimu unaotegemewa. Nazo nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya mwaka 2013, nambari 655, inayotaka kila dai la kipodozi liwe la kweli na liwe na ushahidi nyuma yake. Kanuni hizo hazikutungwa na mafakihi, lakini zimekutana na ile waliyoishika mafakihi wetu tangu zamani, ya kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Basi aibu iliyoje, soko la Waislamu likiwa nyuma katika jambo ambalo Sharia yao imelitangulia!

Na hasara si ya fedha tu. Katika mafuta ya kujichubua hupatikana zebaki, nayo huzuia ngozi isifanye rangi yake. Zebaki hiyo hudhuru figo, na huacha ngozi na mabaka na makovu. Hudhuru hata asiyejipaka, kwani mtoto huipata kwa kumgusa mamake na kwa taulo la nyumbani. Mapatano ya Minamata, yaliyoanza kutumika mwaka 2017, yamevikataza vipodozi vya namna hiyo, lakini bado huuzwa, na mara nyingi zebaki haitajwi juu ya kichupa. Baadhi yake huandikwa onyo kwamba mafuta yasiguse dhahabu wala fedha. Ee mzazi, bibi arusi wako aambiwa avue bangili zake asiziharibu, kisha ajipake usoni!

Mwenye duka atasema, "Mimi sikuyatengeneza, nauza kama nilivyoletewa." Hiyo si hoja. Suratul Hujurat imetuamrisha kuipeleleza habari tuliyoletewa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na aliyekuletea habari hii ndiye mwenye faida ndani yake.

Ovu zaidi ni kuivisha bidhaa joho la dini. Hadithi ya habasoda ni sahihi, lakini haikutaja kichupa chako, wala haikusema kuwa kilichochanganywa ndani yake kitaondoa madoa kwa wiki mbili. Mwenye kulibandika jina la Mtume juu ya dai asilolihakiki amefanya khiyana mbili, moja kwa mnunuzi na moja kwa Mtume.

Basi mfanyi biashara, muulize aliyekuuzia: ushahidi wako u wapi, na ndani mna nini? Asipokujibu, usiuze. Nanyi mama zetu na dada zetu, msione haya kuuliza, wala msinunue kisichoandikwa vilivyomo. Liwa, hina na mafuta ya nazi mwavijua; navyo pia mwenye kuvisifu kupita kiasi na aulizwe. Kuuliza ndiko kutia mkono ndani ya fungu.

Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, na atuepushe na chumo la hadaa. Amin.