Itaje Dawa Iliyokukataa

Ndugu zangu, nasema nanyi mliomeza dawa wiki iliyopita, mkaimaliza, na leo mnajikuna. Nasema na mama aliyekuwa anamwogesha mwanawe asubuhi, akapitisha kiganja mgongoni, akakuta vipele vimetapakaa kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Nasema na kijana anayeambiwa na wenzake kwamba hilo ni joto tu, apake poda. Kabla hamjawalaumu dagaa wa jana, kabla hamjaitupa sabuni mpya, kaeni chini mhesabu siku kurudi nyuma. Ni dawa gani iliingia kinywani siku nne, siku saba, siku kumi na nne zilizopita?

Mzio wa ghafla tunaujua na tunauogopa, na ni haki kuuogopa. Mtu anachomwa sindano ya penisilini, dakika chache midomo imevimba, pumzi inakatika, ndugu wanapiga mayowe. Mzio ninaowahubiria leo hauna mayowe. Mwili unapokutana na amoksilini au Septrin kwa mara ya kwanza, kuna askari wake, zile seli nyeupe ziitwazo seli T, ambao huchukua siku kadhaa kuitambua dawa na kuongezeka idadi, ndipo waishambulie ngozi. Kwa hiyo upele wa namna hii mara nyingi hutokea kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu kidonge cha kwanza. Dozi ya siku tano imeshakwisha. Pakiti imeshatupwa. Mgonjwa anaapa kwamba haiwezi kuwa dawa, mbona alishamaliza? Inaweza! Na safari ya pili haitangoja wiki. Siku moja au mbili zinatosha, maana askari wale hawasahau.

Kuhesabu siku si jambo geni. Mwaka 1905, mjini Vienna, madaktari Clemens von Pirquet na Béla Schick walieleza habari za watoto waliochomwa dawa ya dondakoo iliyotengenezwa kwa damu ya farasi. Watoto walikaa vizuri wiki nzima na zaidi, kisha wakapata homa, upele na viungo kuvimba. Waliochomwa mara ya pili waliugua mapema zaidi. Ugonjwa ule hupita njia nyingine mwilini, tofauti na hii ya seli T, lakini kilichowafumbua macho wale madaktari ni kuandika tarehe ya sindano na tarehe ya upele, na kuziweka pamoja. Jambo hilo hata wewe unaliweza, na kalamu yako na daftari la kliniki la mtoto.

Na ukague vizuri. Vitabu vingi vya tiba vimechapishwa na picha za ngozi nyeupe, vikasema tafuta wekundu. Kwetu sisi wengi wekundu hauonekani. Ngozi huzidi kuwa nyeusi, au huwa ya zambarau, au haibadiliki rangi kabisa ila ukiipapasa unaisikia imeparara. Basi mtoe mgonjwa kwenye taa ya chumbani, msogeze mlangoni penye mwanga wa jua, umpapase mgongo, kifua na tumbo kwa kiganja. Mwambie afungue kinywa. Vuta chini kope la jicho. Tazama viganja na nyayo. Muuguzi au tabibu anayempokea mgonjwa wa upele akamtazama kutoka ng'ambo ya meza, shati halijavuliwa, huyo hajamwona mgonjwa.

Upele mwingi wa aina hii hupoa wenyewe baada ya wiki moja au mbili, ngozi ikibambuka kidogo na kubaki na weusi. Sikuja kuwatia hofu ya dawa. Antibayotiki zimewaokoa wengi wanaonisoma, na mtu mwenye nimonia akiacha dozi kwa kuogopa vipele anajichimbia kaburi. Upele ukitoka, rudi kwa aliyekupa dawa kabla ya kumeza kidonge kinachofuata, na uende nazo mkononi.

Sasa nije kwenye jambo linalovunja nyumba za watu, na hapa mnivumilie nikae kidogo. Kuna mzio unaorudi mahali palepale. Mtu anameza Septrin, au Flagyl, au doksisaiklini. Baada ya saa chache anasikia mwasho na kuungua sehemu moja, tuseme pembeni mwa mdomo wa chini. Panatokea doa la duara, jeusi lililoingia zambarau, ukubwa wa sarafu, ukingo wake unaonekana wazi. Pengine linatunga lengelenge na kuchubuka. Siku zinapita, linapona, linaacha baka jeusi linalokaa miezi. Mwakani akiimeza dawa ileile, baka linawaka upya palepale, na huenda likapata mwenzake mgongoni mwa mkono. Mdomo ni mahali pake pa kawaida. Mikono pia. Na sehemu za siri.

Hapo kwenye sehemu za siri ndipo roho inaponiuma. Mume anachubuka, mke anaona. Au mke anachubuka, mume anaona. Hakuna anayekumbuka vidonge vya tumbo vya juzi, anachokumbuka kila mmoja ni safari ya mwenzake. Mwenye kidonda anakwenda dukani jioni, hamtazami muuzaji usoni, anasema kwa sauti ya chini kwamba ana tatizo huku chini. Anafungiwa dawa za magonjwa ya zinaa, na ndani ya karatasi ile imo doksisaiklini au Flagyl ileile iliyomchoma! Anameza. Kidonda kinazidi, na sasa hata yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba ana gonjwa lisilotibika. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini wangapi wamefichua maradhi yao kwa mtu asiyewauliza hata swali moja? Sisemi kila kidonda cha siri ni mzio. Kaswende ipo, na ipimwe. Nasema kabla hamjarudishana kwa wazazi, ulizaneni: kidonda hiki kimewahi kutokea hapahapa? Kilitanguliwa na dawa gani?

Halafu upo mzio unaoua. Mwaka 1922, mjini New York, madaktari Albert Stevens na Frank Johnson walieleza wavulana wawili wenye homa, upele, macho yaliyoharibika na vinywa vilivyojaa vidonda, na hali hiyo hadi leo inaitwa kwa majina yao. Huanza kama mafua: homa, mwili mchovu, koo. Kisha macho yanauma na kutoa machozi mazito, midomo inapasuka na kuganda damu, kumeza mate kunakuwa adhabu. Ngozi inauma kuliko inavyowasha. Yanatokea madoa yenye weusi katikati, malengelenge, na ukiigusa ngozi inateleza na kutoka. Ikichubuka zaidi ya asilimia 30 ya mwili, mgonjwa yuko katika hali ambayo karibu theluthi ya wanaoipata hufariki, na wanaopona wengine hubaki na makovu ya macho. Nani ameshika shuka la mgonjwa wa namna hiyo akasahau? Shuka linanata mwilini, ukilivuta linaondoka na ngozi. Huko India wauguzi wamewahi kuwalaza wagonjwa hawa juu ya majani ya migomba yaliyosafishwa, kwa sababu hayanati.

Kwa hiyo sikilizeni. Upele pamoja na homa na vidonda vya mdomoni, au upele pamoja na macho kuuma, au ngozi inayouma na kutunga malengelenge: usimeze kidonge kingine cha dawa hiyo, na usingoje kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo. Ni hivyo pia kwa uso uliovimba pamoja na homa na tezi, hata kama dawa uliianza wiki sita zilizopita, kwa kuwa mzio mwingine huchelewa kiasi hicho na kuingia mpaka kwenye ini. Dawa za salfa, na Septrin ni mojawapo, zimo katika orodha ya zinazojulikana kuleta balaa hili. Zimo pia baadhi ya dawa za kifafa, na nevirapini ya VVU. Wanaoishi na VVU hukataliwa na salfa mara nyingi kuliko wengine, na wao ndio wanaopewa Septrin kila siku kuwakinga na nimonia. Ndugu yangu wa CTC, kliniki ya VVU, ukiona upele usiziache dawa zako zote kimyakimya nyumbani. Nenda siku hiyohiyo. Zipo njia nyingine za kukukinga.

Mmesikia habari za Ayubu, Nabii Ayubu kwa Waislamu. Biblia inasimulia kwamba alipigwa majipu tangu wayo wa mguu mpaka utosini, akaketi majivuni akijikuna kwa kigae. Rafiki zake wakaja, wakakaa naye siku saba bila neno. Laiti wangenyamaza moja kwa moja! Walipofungua vinywa walimtafutia dhambi. Sisi nasi, ngozi ya mwenzetu ikipasuka, tunasema amerogwa, au amekanyaga kitu, au ule ugonjwa umeanza kutoka nje. Wakati tunasema hayo, mgonjwa anaendelea kumeza kidonge kinachomuunguza, asubuhi na jioni, kwa maji safi na kwa utii. Ukienda kumjulia hali mtu mwenye upele, swali la kwanza liwe dawa. Yaliyobaki mwachie Mungu.

Watu wetu wenyewe wamewahi kuonyesha faida ya kuuliza hivyo. Miaka ya 1980 wagonjwa wa kifua kikuu katika nchi nyingi za Afrika walitibiwa kwa thiasetazoni, dawa ya bei nafuu. Ugonjwa wa Ukimwi ulipoingia, wagonjwa wakaanza kubambuka ngozi. Mwaka 1991 ilichapishwa kazi iliyofanyika Nairobi: miongoni mwa wagonjwa wenye VVU, karibu mmoja kati ya watano alipata mzio wa ngozi, na wengine walikufa, ilhali kwa wasio na VVU ulikuwa nadra sana. Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba wenye VVU wasipewe dawa hiyo tena. Maisha mangapi yalipona kwa sababu kuna mtu wodini aliyeandika jina la dawa na siku ya upele! Leo Tanzania na Kenya zote zina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Wahudumu, nawasihi, zijazeni. Mgonjwa wako mmoja unamwona kama ajali. Huko zinakopelekwa, fomu zikikutana, ndipo inapojulikana kwamba si mmoja.

Nanyi wenye maduka ya dawa. Tangu mpango wa maduka ya dawa muhimu uanze Ruvuma mwaka 2003, wananchi wa vijijini wamewaamini kuliko wanavyoiamini barabara ya kwenda wilayani. Basi acheni kumfungia mtu vidonge vinne kwenye kipande cha gazeti bila jina. Mtu anaondoka akijua amekunywa "rangi mbili". Rangi mbili ipi? Siku ya kumi atakapovimba, atamwambia daktari nini? Andikeni jina kwenye bahasha. Na kabla ya kuipokea pesa, ulizeni: kuna dawa imewahi kukukataa?

Lakini nisieleweke vibaya, maana upo upotovu wa upande wa pili. Mtoto mwenye homa ya virusi akipewa amoksilini anaweza kutoka vipele vilivyoletwa na virusi vyenyewe, na maisha yake yote akaitwa mwenye aleji ya penisilini. Wengi waliobandikwa jina hilo, wakipimwa vizuri na wataalamu, huonekana wanaweza kuitumia. Na jina hilo lina gharama. Mjamzito mwenye kaswende anahitaji penisilini ili mtoto aliye tumboni atibiwe pia. Kijana ambaye moyo wake umeharibiwa na homa ya baridi yabisi anahitaji sindano yake ya penisilini kila mwezi. "Nina aleji" peke yake haitoshi. Mganga anataka kujua ni dawa gani, upele ulitoka siku ya ngapi, ulikuwaje, na kama kinywa na macho viliguswa. Kwa maelezo hayo mtaalamu wa ngozi, kama wale wanaofundishwa Moshi katika kituo kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992, anaweza kuamua ipi ya kuogopwa na ipi ya kurudishiwa. Wewe usijijaribie nyumbani!

Basi leo jioni, chukueni daftari. Andika jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti. Kama pakiti haipo, rudi dukani ukaulize. Andika tarehe ya kidonge cha kwanza na tarehe ya upele. Piga picha kwa simu mchana, karibu na mlango. Kama ni Septrin, ongeza neno salfa kwa herufi kubwa, ili mama mjamzito aseme kliniki kabla hajapewa SP ya kuzuia malaria, kwa kuwa nayo ina salfa. Kisha mpe nakala mtu mnayelala nyumba moja, mke, dada, au mtoto aliyekwisha kujua kusoma, na mwambie aende nayo popote utakapopelekwa, kwa sababu siku hiyo kinywa chako kinaweza kuwa na vidonda visivyokuruhusu kutamka chochote.