Mwenye Nyumba ni Nani?

Wazee wetu walituachia neno hili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tukaao Igogo, ukingoni mwa Ziwa, yatupasa tuulize kama neno hili ni kweli hata kwa nchi iliyobomolewa na vita. Mataifa yatumapo wajumbe wao kupatanisha na kujenga upya nchi ya wengine, je, mwenyeji hupona?

Swali hili si la mbali. Mto Ruvubu hutoka Burundi, huingia Kagera, na Kagera humwaga maji yake katika ziwa hili tuteakamo maji na kuvua samaki. Mwaka 1994 Kagera ilileta ziwani maiti za waliouawa Rwanda. Huko wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuwako, pamoja na askari wapatao 2,500. Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili, Baraza la Usalama liliamua wabaki askari 270 tu, na watu waliokimbilia chini ya bendera yao wakaachwa. Basi neno la kwanza ni hili: mgeni aahidiye ulinzi, kisha akaondoka wakati wa hatari, huleta hasara kuliko yule asiyekuja kabisa, kwani aliwatuliza watu wakati walipopaswa kukimbia.

Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba wageni hawafai kitu. Neno hilo si haki. Tuitazame Burundi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa mwezi wa Oktoba 1993, nchi ile iliingia katika vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Mwalimu Nyerere aliwaita wenye ugomvi Arusha. Naye alipofariki mwaka 1999, Nelson Mandela aliishika kazi, na tarehe 28 Agosti 2000 mapatano yakatiwa sahihi. Mwaka 2004 walikuja askari wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2005 watu wakapiga kura. Mwisho wa mwaka 2006 askari waliondoka, ikabaki ofisi ya wajumbe wasio na jeshi. Kazi yao ilikuwa kuwaketisha wapinzani pamoja, kusaidia polisi na mahakama, na kuangalia haki za watu. Jeshi nalo likapangwa upya, kabila lolote lisipite nusu yake, na waliokuwa wakiwindana wakavaa sare moja. Hayo waliyafanya Warundi wenyewe. Wageni waliwashikia taa.

Lakini tarehe 31 Desemba 2014 ofisi ile ilifungwa, maana serikali ya Burundi ilitaka hivyo. Mwezi wa Aprili 2015 chama cha Rais Pierre Nkurunziza kilipomteua kugombea mara ya tatu, ghasia zilizuka, na watu maelfu kwa maelfu wakavuka kuja Kigoma.

Hapo ndipo penye swali gumu. Ni adabu njema mgeni kuondoka mwenye nyumba asemapo basi. Lakini mwenye nyumba ni nani? Ni yule ashikaye ufunguo, au ni wote walalao ndani?

Huku kwetu Usukumani, ndugu wagombeapo mpaka wa shamba, wazee wenye hekima hawamsikilizi kaka mkubwa peke yake. Humwuliza mdogo wake, na mjane alimaye kando, hata mtoto achungaye hapo. Kisha mpaka huonyeshwa mbele ya wote, wazee wakarudi makwao. Tangu siku hiyo walinzi wa mpaka ni wote walioushuhudia.

Basi twasema kwamba wenye nyumba ni wote walalao ndani, na mjumbe wa mataifa apimwe kwa mambo mawili. Je, amewasikiliza wasio na ufunguo? Na je, ameacha nyuma yake desturi ya kusemezana ambayo itadumu asipokuwapo? Mapatano ya Arusha yaliagiza tume ya ukweli na maridhiano. Nayo haikuundwa ila mwaka 2014, wakati wajumbe walipokuwa wakifunga mizigo. Jeraha lilifungwa kitambaa miaka mingi kabla halijaoshwa.

Wala wenyeji wasimtwike mgeni mzigo wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huonwa kwanza na alalaye ndani.

Nasi majirani tunayo sehemu yetu. Mjumbe ana tarehe ya kuondoka, jirani hana. Basi tumpokee mkimbizi pasipo dharau, tusichukue uvumi wa kabila toka mlango hata mlango, na viongozi wetu tuwaulize habari za amani ya jirani kama tuwaulizavyo bei ya pamba. Na ugomvi wetu wenyewe tuupatanishe ungali mdogo, kabla haujahitaji mgeni wa kutoka mbali.