Hukumu ya Pektini, na Jinsi Mmea Uijengavyo

Tumeulizwa mara nyingi katika darasa zetu juu ya kitu kiitwacho pektini, ambacho jina lake huandikwa ubavuni mwa chupa za jamu na juu ya karatasi za peremende. Wako waliokwisha kukiharamisha. Wamesikia kwamba jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na huenda mnyama huyo akawa nguruwe. Na kwa kuwa majina mawili haya yafanana mwishowe, na vitu vyenyewe vyote viwili hugandisha, wakavitia katika kapu moja. Watoto wanyang'anywa jamu ya mapera kwa sababu ya herufi nne!

Hatuwalaumu kwa kuogopa haramu. Twawalaumu kwa kutoa hukumu kabla ya kukijua kitu, nao masheikh zetu walitufundisha kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukifahamu kwanza.

Pektini ni kitu cha mimea. Jina lake alilitoa mtaalamu wa Kifaransa, Henri Braconnot, mwaka 1825, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuganda. Kila mmea umejengwa kwa chembe ndogo ndogo ziitwazo seli, na kila seli ina ukuta wake. Katika ukuta huo mna nyuzi ngumu za selulosi, na baina ya nyuzi mna pektini. Tena baina ya seli na jirani yake mna tabaka la pektini lizishikalo zisiachane. Mwenye kuzijua nyumba zetu za kale za mawe ya matumbawe ataelewa upesi, kwani jiwe halikai juu ya jiwe bila chokaa.

Na ni nani aijengaye? Ndani ya seli mna karakana iitwayo Golgi, kwa jina la tabibu wa Kitaliana, Camillo Golgi, aliyeieleza mwaka 1898. Humo mna vimeng'enya, navyo ni protini, kila kimoja na kazi yake, kama vile seremala hafui chuma wala mhunzi harandi mbao. Asidi ya galakturoni, ambayo asili yake ni sukari, huletwa imeshikizwa juu ya kichukuzi kiitwacho UDP. Kimeng'enya huipokea, kikaiunga nyuma ya mwenziwe, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka ukapatikana mkufu mrefu. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia huko Marekani walikitambua kimoja cha kazi hiyo katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis, wakakiita GAUT1. Mwaka 2011 ikabainika kwamba hicho hakikai katika Golgi kwa nguvu zake, bali chashikwa na mwenziwe, GAUT7, ambacho ndicho nanga yake. Wala mkufu huo si pektini yote, kwani mna matawi mengine ya sukari mbali mbali. Na mwaka 2008 ilikadiriwa kwamba vimeng'enya visivyopungua 67 vyahitajiwa ili kuimaliza. Aokotaye pera chini ya mti ala kazi ya mafundi sabini kasoro watatu, na huenda hata bismillahi ameisahau.

Mkufu ukiwa bado katika Golgi hufunikwa kwa vikundi vya methili, kisha huchukuliwa ndani ya vifuko vidogo hata ukutani. Huko kimeng'enya kingine huvua baadhi ya vifuniko hivyo, na palipovuliwa huja kalisiamu, ambayo ni ile ile iliyomo katika chokaa, ikashikanisha mkufu huu na mwenziwe, ukuta ukakaza. Na tunda linapoiva, mmea ule ule huleta vimeng'enya vingine vya kuikata mikufu. Ndipo embe lililokuwa gumu likawa laini mkononi. Mola ametuamrisha katika Sura ya Al-An'am tuyatazame matunda yazaapo na yaivapo. Twaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha embe twalitazama kwa kisu tu! Na bado wako wasemao kwamba elimu hii ni ya Wazungu. Basi aliyeamrishwa kutazama ni nani?

Mama zetu wapikao jamu wajua kwamba mapera yaliyopitiliza kuiva hayagandi vizuri, na kwamba sukari nyingi na ndimu hazikosi. Sababu ni hiyo hiyo: mikufu imekwisha kukatwa. (Halua si katika mlango huu, hiyo hugandishwa kwa wanga.)

Ama pektini ya viwandani, nyingi hutolewa katika maganda ya machungwa, malimau na ndimu, na katika makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa. Huchemshwa katika maji yenye asidi, kisha hutengwa kwa alkoholi na kukaushwa. Hapa ndipo penye suala la kweli, wala si katika nguruwe. Sisi twaona kwamba kiowevu hicho hakikutiwa kwa ajili ya kunywewa wala kulewesha, nacho huondolewa katika kukausha. Kwa hiyo pektini ni halali. Atakaye kujiepusha kwa uchaji wake hatumlaumu, ila asiwaharamishie wenziwe.

Lakini peremende moja yaweza kuwa na pektini na jelatini pamoja, na rangi zitokanazo na wadudu. Kwa hiyo isomwe karatasi yote. Na ambaye karatasi yake haikumwelea, ailete darasani baada ya Alasiri tuisome pamoja.