Kuwahukumu Waliotutangulia

 

Ndugu zetu Waislamu, siku hizi imeingia katika miji yetu ya pwani hamu kubwa ya kuandika nasaba. Vijana wafungua masanduku ya bibi zao, watoa hati zilizoliwa na mchwa, wawauliza wazee kabla hawajaondoka duniani, na wengine wafika mpaka Nairobi kwenye nyaraka za serikali kutafuta karatasi za mashamba. Jambo hili ni jema. Imepokewa kuwa Mtume S.A.W. alituamrisha tujifunze nasaba zetu kadiri itakayotuwezesha kuunga udugu. Walakini aliyeambiwa aijue nasaba ili aunge jamaa hakuambiwa aijue ili ajifakhirishe, na wengi wetu tumeishika amri kwa kusudi hilo la pili.

Kisa kilichotushikisha kalamu ni hiki. Kijana mmoja wa darsa yetu alikuja baina ya magharibi na isha, mkononi ana daftari la khabari za ukoo wake, ambao asili yake ni Malindi. Alikuwa ameona wasia wa babu wa babu yake, ulioandikwa kwa Kiarabu, na ndani yake, baada ya minazi na kabla ya ng'ombe, wamehesabiwa watu. Watu saba, kwa majina ya namna tuijuayo sote, Feruzi, Mabruki, Zawadi, wala hapana hata mmoja aliyeandikiwa jina la baba yake. Kijana alishtuka sana. Akaandika daftarini kuwa mzee huyu alikuwa dhalimu, na kuwa yeye hapendi tena kuitwa kwa jina lake. Ami zake waliposoma maneno hayo walighadhibika, wakamtaka auchane ukurasa ule wote. Hoja yao ni moja: mtu wa zamani hahukumiwi kwa kipimo cha leo, kwani zamani wote walifanya hivyo. Wakaja kwetu tuwaamue.

Katika maneno ya ami mna haki, na haki yataka isemwe. Malindi ilipoanza kulimwa tena katika miaka ya 1860, mtama na simsim zilizojaza majahazi ya kwenda Arabuni zilitoka katika mikono ya watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Mtoto aliyezaliwa katika mji huo alikuta jambo hili lipo kama alivyokuta bahari ipo. Baba yake alikuwa nalo, na jirani yake, na mara nyingine hata mwalimu wake wa chuoni. Mwenye kudhani kuwa yeye angezaliwa pale angeliona lisiloonwa na wenziwe, na ajiulize kwanza mtumishi wa nyumba yake alala wapi, ala nini, na mshahara wake wa mwezi uliopita umelipwa lini. Kisha na azungumze habari za mababu.

Lakini hoja yao imevunjika mahali pamoja, nako ni kule kusema kipimo cha leo. Twawauliza: ni cha leo gani? Wengi wetu tumekwisha kuamini kuwa ubaya wa jambo hili tulifundishwa na Waingereza. Ni kweli kuwa Sayyid Barghash alitia saini mapatano ya kufunga soko la watumwa Unguja mwaka 1873 kwa kulazimishwa nao, na kuwa sheria iliyoondoa utumwa Unguja na Pemba ya mwaka 1897, na ile ya pwani yetu ya mwaka 1907, zilitoka mikononi mwao. Hayo ni tarikhi. Lakini Kurani ilikuwa juu ya rafu ya mzee yule kabla ya manowari yo yote kutia nanga Mombasa. Alisoma katika Suratul Balad kuwa njia ya kupanda mlima ule mgumu ni kumwacha huru mtu aliyefungwa shingo. Alisoma katika Suratut Tawba kuwa katika mafungu ya zaka mna fungu la kuwakomboa watumwa, na katika Suratun Nur kuwa mtumwa atakaye kuandikiana na bwana wake ajikomboe, aandikiwe. Na katika Bukhari mna khabari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao ni mtu aliyemwuza muungwana akala thamani yake. Je, wale walionyakuliwa usiku vijijini mwao kandokando ya Nyasa hawakuwa waungwana? Na Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtukana mtu kwa mamaye, Mtume S.A.W. alimwambia kuwa yeye bado ana ujahilia ndani yake, na kuwa watumwa wao ni ndugu zao. Basi kipimo hiki ni cha karne kumi na nne. Sisi tukipimapo kitendo cha babu, twapima kwa ratili yake mwenyewe.

Na kijana je? Yeye amekosea pengine. Kitendo amekijua kwa hati, na kukitaja kwa jina lake si dhambi. Lakini ametoka katika kitendo akaingia katika nafsi ya mtu, na huko hana shahidi. Hakujua nia yake, wala toba yake, wala alilokuwa akimwambia Mola wake alfajiri. Mtume S.A.W. ametukataza kuwatukana maiti, kwani wamekwisha fika kwenye waliyoyatanguliza. Na aya ya 134 ya Suratul Baqara yatueleza kuwa watu waliopita wana chumo lao nasi tuna letu, wala hatutaulizwa waliyoyatenda wao.

Hapo ami mkubwa alifurahi, akasema, "Basi sheikh, yamekwisha." Tukamwambia hayajakwisha, maana wasia wenyewe haukuwa umesomwa mpaka mwisho. Kijana alisita kwenye yale majina saba kwa uchungu, na ami zake walisita hapo hapo kwa aibu.

Tukausoma. Mzee yule, kabla ya sheria ya 1907 kumlazimisha, aliusia kuwa akifa wote saba wawe huru, katika thuluthi yake, na kuwa kipande cha minazi kilicho karibu na kisima kiwe wakfu juu yao na juu ya vizazi vyao, kisiuzwe wala kisirithiwe. Kijana aliinamisha kichwa. Ami zake walitazamana, kwani kipande hicho wakijua. Mashamba ya pwani yalipoandikishwa kwa sheria ya mwaka 1908, walioandikisha ni wenye hati na wenye kujua njia ya ofisi, na wale saba hawakuwa na mojawapo. Kikaandikwa pamoja na mali ya jamaa, baadaye kikauzwa, na hivi leo pana nyumba za kupangisha.

Sasa na turudi kwenye ile aya ya 134. Ni kweli hatutaulizwa waliyoyatenda. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 181, mna kuwa mwenye kuubadilisha wasia baada ya kuusikia, dhambi yake i juu ya wale waliobadilisha. Mwenye kuusia alikwisha toka katika jukumu lake zamani. Walioulizwa usiku ule walikuwa wameketi msikitini mbele yetu, na thamani ya ardhi ile imo katika kuta za nyumba zao.

Tuliwaamua hivi. Ukurasa usichanwe. Neno dhalimu lifutwe, na mahali pake yaandikwe yaliyomo katika hati, ya mwanzo na ya mwisho, pamoja na habari ya shamba lilivyouzwa na nani aliyeliuza. Mzee aombewe maghufira, na wale saba waombewe pamoja naye kwa majina yao. Kisha watafutwe watoto wa watoto wao, nao hawako mbali. Nyumba moja katika hao twaijua sote. Kijana wao aliposa mwaka juzi kwa jamaa hii hii akarudishwa, ikasemwa kuwa asili yao haijulikani. Tuliposikia hayo tulistaajabu, kwani asili yao ilikuwa imeandikwa na kuwekwa sandukuni. Na Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, aliozwa Zainab binti Jahsh, binamu yake Mtume, na mwanawe Usama alitiwa mbele ya jeshi lenye masahaba wakubwa.

Ami mdogo alikubali usiku ule ule. Ami mkubwa alitaka muhula ahesabu alivyo navyo na azungumze na wanawe. Tumempa mpaka mfungo mosi.